Kisigino kinachogoma kupona: jibu kwa mkimbiaji wa Wete

Assalaam alaykum. Ndugu yetu wa Wete ameeleza kwamba kisigino chake cha kulia kinamuuma tangu Ramadhani iliyopita, kwamba aliacha mbio kwa miezi kadhaa akapata nafuu, lakini kila anaporudi barabarani maumivu hurudi pamoja naye, na kwamba picha ya eksirei imeonesha kijimfupa kilichochomoza chini ya kisigino. Anauliza kama achomwe sindano ili awahi nusu marathoni, na kama kijimfupa hicho kinahitaji kukatwa. Mimi si daktari. Ni mkimbiaji wa masafa marefu ninayeishi upande wa Bububu, niliyekaa na maumivu ya namna hiyo kwa zaidi ya mwaka kabla ya kukimbia tena kwa raha, na ninayoyaandika ni yale niliyoyapitia pamoja na yale niliyofundishwa na mtaalamu wa fiziotherapia aliyenisimamia.

La kijimfupa tulimalize mapema. Watu wengi wanacho na hawajawahi kuumwa hata siku moja, na wengine wanaumwa vibaya ilhali picha zao ni safi. Kwa hiyo kukiona kwenye picha hakuthibitishi kwamba ndicho kinachouma, na kukikata si jambo la kuanzia hata kidogo.

Kinachouma, kwa dalili ulizozitaja, ni utando mgumu unaoanzia chini ya mfupa wa kisigino na kutandaa chini ya unyayo mpaka kwenye vidole. Madaktari huuita ugonjwa huu plantafasaitisi. Utando huo ndio unaoushikilia upinde wa unyayo, na kila vidole vinapokunjwa kwenda juu, kama pale mguu wa nyuma unaposukuma ardhi, hukazika na kuunyanyua upinde ili mguu uwe imara. Mkimbiaji huukaza hivyo maelfu ya mara katika safari moja, huku kila hatua ikiushushia mguu mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Pale utando unaposhikana na mfupa, upande wa ndani wa kisigino, ndipo unapochakaa, kama kamba ya usumba inavyoanza kulika pale ilipofungwa kwenye kigingi.

Alama yake kubwa ni hatua za mwanzo za asubuhi. Kwa sisi tunaoamka kwa ajili ya sala ya alfajiri, safari ya kutoka kitandani hadi chooni kutia udhu ndiyo kipimo cha kila siku, na mwenye maradhi haya huijua vizuri, kwani huitembea kwa ncha za vidole huku ameshika ukuta. Kuna alama nyingine ambayo sijaiona ikitajwa na waandishi wa nje, na naamini wengi hapa wataitambua. Katika kikao cha tahiyyatu mguu wa kulia husimamishwa na vidole vyake hukunjwa kuelekea kibla, yaani utando hukazwa kwa uzito wa mwili na kubaki umekazwa kwa muda. Mimi nilikuwa nikiumwa pale pale, na zaidi pale nilipoinuka kwenda rakaa ya tatu. Nilipomsimulia mtaalamu, alinitaka nikae hivyo mbele yake kwenye mkeka, akanibonyeza kwa kidole gumba upande wa ndani wa kisigino, mbele kidogo, nami nikaruka. Kisha akakibana kisigino kizima kwa viganja viwili, kulia na kushoto, akakuta hakiumi, akasema kwamba kwa hilo hana wasiwasi mkubwa wa ufa kwenye mfupa.

Kipimo hicho cha kubana usikiache. Kikiuma kwa kubanwa ubavuni, au kikiuma usiku ukiwa umelala, au ukihisi ganzi na kuchomachoma chini ya unyayo, rudi hospitali uchunguzwe upya kabla ya kufuata chochote nitakachokiandika hapa chini. Vivyo hivyo kijana anayeumwa visigino vyote viwili na kuamka na mgongo mkavu usiolegea mpaka jua lipande, na mwenye kisukari ambaye hisia za miguu yake zimepungua.

Sasa kiini cha jibu langu. Kupumzika kabisa hakuuponyi utando huu, na kuua maumivu hakuuponyi pia. Unapoacha mbio, maumivu hupungua kwa sababu mzigo umeondoka, lakini uwezo wa utando wa kubeba mzigo nao hupungua, pamoja na nguvu za kigimbi na misuli midogo ya unyayo. Siku unaporudi, unaupa mguu dhaifu zaidi mzigo ule ule wa zamani. Ndiyo maana umezunguka miezi yote hii bila ya kufika. Utando unahitaji kazi, tena kazi nzito, lakini iliyopimwa na inayopanda taratibu.

Kazi yenyewe mimi niliifanyia kwenye kidato cha chini cha ngazi ya nyumbani. Unakunja kikoi au taulo mpaka liwe bumba nene, unaliweka ukingoni mwa kidato, unapandisha vidole juu yake ili vikunjike, na kisigino kinabaki kikining'inia hewani. Shika fremu ya mlango kwa ajili ya mizani tu, usijivute kwa mkono. Panda kwa mguu mmoja kwa kuhesabu tatu, kaa juu kwa kuhesabu mbili, shuka kwa kuhesabu tatu. Anza na mipando kumi na miwili, mara tatu, siku moja ndiyo na siku ya pili hapana. Baada ya wiki mbili ongeza uzito mgongoni, ukipunguza mipando hadi kumi lakini ukiifanya mara nne, na baada ya wiki mbili nyingine mipando minane mara tano kwa uzito mkubwa zaidi. Mimi nilitumia begi la skuli la mwanangu lililojazwa pakti za mchele, na watu wa nyumbani walicheka sana. Asiyeweza mguu mmoja aanze kwa miwili.

Mpango huu sikuutunga mimi. Ulijaribiwa Denmark kwa wagonjwa 48, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2014. Baada ya miezi mitatu waliofanya mazoezi haya mazito walikuwa na nafuu kubwa kuliko waliofanya kunyoosha peke yake, ingawa ulipofika mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Kwa maneno mengine, zoezi hili linaharakisha, lakini hata hivyo linahesabiwa kwa miezi. Anayekuahidi wiki mbili anakuuzia kitu.

Kunyoosha nako usikuache, kwani ndiko kunakoiokoa asubuhi. Kabla ya kukanyaga chini, kaa kitandani, weka mguu unaouma juu ya goti la pili, shika vidole uvivute kuelekea kwenye muundi mpaka uhisi utando umekazika chini ya unyayo, hesabu hadi kumi, achia, rudia mara kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku. Utaona ni mkunjo ule ule wa tahiyyatu, isipokuwa hapa ni wewe unayeamua kiasi cha nguvu, wala si uzito wa mwili.

Umesema maumivu yalianza katika Ramadhani, na hilo halinishangazi. Mwezi ule ratiba ya mkimbiaji hugeuka yote. Anakimbia kabla ya futari mwili ukiwa mkavu, au usiku akiwa ameshiba, na katikati yake anasimama muda mrefu peku katika tarawehe, jambo ambalo miguu yake haikulizoea katika miezi kumi na moja iliyopita. Tena nyumba zetu siku hizi ni sakafu za saruji na marumaru, na viatu huvuliwa mlangoni. Wengi wetu hutafuta viatu vya mbio vya bei kubwa, tunavivaa kwa saa moja, kisha saa zilizobaki tunazimaliza peku juu ya marumaru au kwenye ndara zilizolika mpaka zikawa nyembamba kama karatasi. Kwangu mimi, jambo lililosaidia mapema kuliko yote lilikuwa kununua kandambili nene zenye kisigino kilichonyanyuka kidogo, nikazitenga kwa matumizi ya ndani tu na kuziweka chini ya kitanda ili nizivae kabla ya hatua ya kwanza. Makubadhi ya ngozi yaliyo bapa niliyaweka kando mpaka nilipopona, pamoja na kwamba Ijumaa bila ya makubadhi haikunikaa vizuri.

Kuhusu sindano, maoni yangu ni kwamba usiichome kwa ajili ya kuwahi mbio. Sindano ya kotisoni huweza kutuliza maumivu kwa wiki kadhaa, hilo ni kweli, lakini athari yake hufifia, na miongoni mwa hatari zake ni kukatika kwa utando wenyewe na kupungua kwa mafuta yanayokilinda kisigino. Kwa mtu wa kukaa ofisini hesabu huenda ikawa tofauti, na hilo ni baina yake na daktari wake. Kwa mkimbiaji anayetaka kutuliza maumivu kisha akakimbie kilomita 21 juu ya utando uliochakaa, naona hatari ni kubwa kuliko faida.

Wenyeji wa Pemba watakushauri mafuta ya karafuu, na mimi nilipakwa pia. Yanatuliza kwa muda kwa sababu yana yujenoli, ambayo hutia ganzi na ndiyo inayotumiwa na madaktari wa meno, lakini ganzi ya ngozi haifiki mbali, na mafuta yasiyochanganywa na ya nazi huweza kuichoma ngozi. Mkandaji naye akichue kigimbi kwa nguvu atakavyo, kwani kigimbi kilichokaza huuvuta mguu wote, lakini asikisage kisigino chenyewe.

Wapo pia wanaokutajia John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968 akiwa ameumia goti, zaidi ya saa moja baada ya mshindi, Mamo Wolde. Namheshimu sana mzee yule, lakini ile ilikuwa siku moja ya mashindano. Anayeuchukua mfano wake akaufanya mpango wa mazoezi ya kila wiki atabaki na kisigino hicho hicho mwakani.

Kurudi mbio kuanzie kwenye kutembea. Ukiweza kutembea kwa haraka nusu saa na asubuhi inayofuata hatua za mwanzo zisiwe mbaya kuliko za jana, changanya dakika moja ya kukimbia na moja ya kutembea, kisha ongeza. Maumivu madogo wakati wa mazoezi yanavumilika, na hukumu hutolewa na asubuhi ya kesho. Ikiwa mbaya, rudi kiwango cha nyuma, lakini usiache kabisa. Wakati huo pumzi ilinde kwa baskeli, kama nilivyofanya mimi kwenye barabara ya Mahonda.

Huko kwenu Pemba tatizo ni vilima. Kupanda kunakaza kigimbi na utando kuliko tambarare, kwa hiyo barabara ya Wete kwenda Chake iache mpaka mwisho kabisa. Wala usidanganywe na ushauri wa kukimbia peku ufukweni, kwani mchanga laini unakizamisha kisigino na kuufanya unyayo utumike zaidi, na ufuo wenye mteremko unaulazimisha mguu mmoja kukanyaga chini kuliko mwingine. Ukipenda Vumawimbi, nenda maji yakiwa yamekupwa, mchanga umeshindilika na kutandaa, na ukiwa umevaa viatu.

Ama hiyo nusu marathoni, kama leo bado unashika ukuta alfajiri, iache hii. Jiandikishe nyingine baada ya kumaliza miezi mitatu ya ngazi, na ukishaanza mazoezi tuandikie hapa mguu unaamkaje asubuhi, pamoja na uzito uliofikia mgongoni, ili tukueleze kama unaongeza upesi mno au unajihurumia.