Leza ya pete na mwanga unaorudi: kosa liko wapi?

SWALI: Ninatengeneza leza ya pete, yaani leza ambayo mwanga wake huzunguka kwenye njia ya duara, ya nanomita 1550 kwenye chipu ya indiamu fosfaidi (semikondakta). Ikiwa peke yake inatulia, lakini nikiisogezea faiba nguvu inayumba na spektra (mtandazo wa masafa ya mwanga) inapanuka. Nilisoma kwamba pete haisumbuliwi na mwanga unaorudi, tena nikaongeza tawi la umbo la S ili mwanga uzunguke upande mmoja tu. Nimekosea wapi?

JIBU: Pete haina kosa. Ninayemshuku ni hilo tawi la S.

Tuufuate mwanga wenyewe. Tuseme mwanga wa leza yako unazunguka kwa mwelekeo wa saa na kutoka kulia, kupitia njia ya kutolea inayopita kando ya pete. Mwanga unagonga ncha ya faiba, sehemu yake inarudi, na inapoingia tena kwenye pete inakwenda kinyume cha saa. Kwa hiyo haiungani moja kwa moja na mwanga unaotawala. Faida yote ya pete iko hapo. Kwenye leza ya vioo viwili, kila kinachorudi kinatua palepale kilipozaliwa. Sasa tawi la S kazi yake ni nini? Kuchukua mwanga wa kinyume cha saa na kuugeuza ufuate saa. Ndivyo linavyoupa upande mmoja nguvu, na ndivyo linavyoupokea mwanga wa faiba na kuukabidhi kwa mwenye nyumba. Kioo mwishoni mwa njia ya kutolea, upande wa kushoto, kingefanya vilevile.

Tawi hilo ningeliondoa. Kisha ningeangalia huo mwisho wa kushoto, ambao wengi huusahau kwa kuwa hautoi kitu wanachokitumia. Uso wa indiamu fosfaidi uliokatwa wima huakisi karibu asilimia 30. Mwanga wa faiba ukipita kando ya pete, unagonga hapo na kurudi ukiwa tayari umeshika mwelekeo wa saa. Inamishe njia kwa takriban digrii 7 inapofika ukingoni, au, bora zaidi, imalizie kwa kipande cha semikondakta chenye volti ya kinyume kimeze kinachofika. Faiba nayo isiwe na ncha bapa, maana kioo na hewa pekee huakisi asilimia 3.5 hivi, ncha ya digrii 8 inatosha. Ukwaruzo wa kuta za pete pia hugeuza mwanga kidogo, lakini huo ni wa kiwandani.

Bila S, nani ataamua mwelekeo? Karibu na kizingiti, yaani mkondo ambao leza huanza kuwaka, pande zote mbili hutoa mwanga. Ukipandisha mkondo vya kutosha, upande mmoja huunyima mwenzake nguvu na kushinda, ila huwezi kutabiri ni upi. Suluhisho ninaloliamini ni isoleta dhaifu, kifaa kinachopitisha mwanga upande mmoja na kuupunguza upande wa pili, ndani ya pete yenyewe. Desibeli chache zinatosha, kwa sababu mwanga unaipitia kila mzunguko. Sumaku haihitajiki: weka moduleta mbili za fezi (vifaa vinavyowahisha au kuchelewesha wimbi la mwanga) zinazoendeshwa na mawimbi ya redio yaliyopishana robo ya mzunguko, ziachane umbali ambao mwanga huumaliza kwa robo hiyohiyo. Kwa GHz 10 ni pikosekunde 25, yaani milimita 2 hivi kwenye chipu. Upande mmoja athari zao zinafutana. Upande wa pili zinajumlishana, na mwanga wake unatawanyika kwenye masafa mengine. Tofauti na S, isoleta hii inaudhoofisha upande mbaya bila kuugeuza kuwa mzuri.

Kupima, weka kihisi mwanga kila mwisho wa njia, kisha isogeze faiba polepole kwa pizo, kisukumio cha umeme chenye hatua ndogo sana. Mtikisiko ukijirudia kila nanomita 775, nusu ya urefu wa wimbi lako, bado kuna mwanga wa faiba unaofika ndani. Anza na mwisho wa kushoto kabla ya kuigusa pete.