Karani Anajibu: Mlango, njia na kuku wa kijijini Uingereza

SWALI: Assalam alaykum Karani. Binti yangu anauguza wazee Devon, Uingereza, na amepanga nyumba kijijini. Nyumba karibu zote za kijiji hicho, na mashamba ya pembeni, ni mali ya bwana mmoja. Alitaka kupaka mlango rangi ya samawati, akaambiwa milango yote ni kijani, na wake utabaki kijani. Njia ya mkato ya kwendea basi inapita shambani, na mkulima ameitia mnyororo. Hana pa kupanda hata giligilani, na kuku pia anawataka. Majuzi ameona tangazo: baraza la parishi linakutana, wakazi wote waje. Nimemkataza. Mtoto wa Kiislamu akatafute nini kwenye mambo ya kanisa?
Mama mtu, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaykum salaam, dada yangu. Mwache aende. Kanisa lina parishi yake na padri wake. Hili analoitiwa ni baraza la serikali, ngazi ya chini kabisa, na mambo hayo mawili yalitenganishwa kwa sheria tangu mwaka 1894. Madiwani wake hawapungui 5, na hawana mshahara. Mwenye mshahara ni karani, jambo ambalo mimi sina neno nalo. Matumizi ya baraza hukatwa ndani ya kodi ya nyumba (si ile ya kumlipa mwenye nyumba, bali ya serikali za mitaa, council tax), kwa hiyo anayelipa kodi hiyo amekwisha kuchangia. Tangazo la mkutano lazima litoke siku 3 kamili kabla. Wakishakaa, watazungumza makaburi, kibanda cha basi, benchi lililovunjika, na mavi ya mbwa. Hilo la mbwa linaweza kula saa nzima. Tusiwacheke, sisi tuna ya punda. Na hospitali ya punda hapa Lamu ilifunguliwa mwaka 1987 na watu wa Devon hiyo hiyo.

Ila asibebe mashtaka yote akayamwaga barazani, maana kila moja lina mlango wake.

La rangi si la baraza. Ni la mwenye nyumba na wakala wake, na jibu limo kwenye mkataba aliotia sahihi. Mabwana wa mashamba makubwa kule hupenda milango ya rangi moja, ili mpita njia ajue mali ni ya nani. Abaki na kijani chake.

La njia ndilo la kushikilia. Kwanza atazame ramani ya njia za umma, iliyoko baraza la kaunti. Ikiwa njia imechorwa humo, mkulima hana ruhusa ya kuifunga, ardhi iwe yake au ya babu yake. Ni kama wikio letu, chumba kinachovuka juu ya kichochoro: juu jenga chumba chako, chini watu na punda wapite. Anaweza kuishtakia kaunti mwenyewe, lakini baraza la parishi likimwandikia lina uzito zaidi. Chini ya sheria ya barabara ya mwaka 1980, parishi ikilalamika kwamba njia imezibwa, kaunti inalazimika kuchukua hatua, isipokuwa ijiridhishe kwamba malalamiko si ya kweli. Apige picha ya mnyororo, aandike tarehe, amkabidhi karani kabla ya mkutano. Maneno ya mdomo hupotea. Nimeandika kumbukumbu za vikao vya kutosha kulijua hilo.

Bustani sasa. Mabaraza mengi hukodisha vishamba vidogo kwa wakazi, na kipimo cha kawaida ni kama mita za mraba 250. Kama kijiji hakina, atafute wenzake wawe 6, wapiga kura au walipa kodi ya nyumba, waandike barua. Sheria ya mwaka 1908 inalibana baraza liifikirie. Na kura anayo: Kenya imo Jumuiya ya Madola, hivyo Mkenya anayeishi kule kwa kibali halali anaweza kujiandikisha. Kugombea udiwani kuna masharti mazito zaidi ya ukaazi.

Kuku kwenye kishamba hicho wanaruhusiwa tangu mwaka 1950, mradi wawe wa nyumbani, si wa biashara. Majike tu. Jogoo hapana, kwa ajili ya usingizi wa majirani. Na kuanzia tarehe 1 Oktoba 2024, mfugaji yeyote England, hata mwenye kuku mmoja, sharti awasajili serikalini. Ni bure.