Ukiipenda hati ya zamani, punguza kuigusa

Kwa miaka mingi nimekuwa nikipanga na kutunza makaratasi ya kale: barua, vyeti, daftari za hesabu. Ushauri wangu wa kwanza huwaudhi wengi: acha kuitengeneza. Hati nyingi nilizoziona zimeharibika ziliharibiwa na watu waliozipenda.

Magombo ya Bahari ya Chumvi, maandiko ya kale ya Kiyahudi yaliyoandikwa zaidi kwenye ngozi, yalikaa mapangoni kama miaka 2,000, penye giza na ukavu, hadi yalipoanza kugunduliwa katika miaka ya 1940. Kisha wasomi wa miaka ya 1950 wakaunga vipande vyake kwa selotepu. Gundi ikapenya kwenye ngozi na kuitia weusi, na wahifadhi waliofuata wamekuwa wakiibandua kwa subira kubwa. Kwa hiyo selotepu marufuku, hata ile "nzuri". Laminesheni nayo ni vivyo hivyo: plastiki ikishaganda kwa joto, imeganda. Usiifanyie hati jambo ambalo mwingine hataweza kulitengua.

Adui wa pili ni mwanga. Azimio la Uhuru wa Marekani la mwaka 1776 lilitundikwa mbele ya dirisha kwa takriban miaka 35 kuanzia 1841, na wino wake ukafifia kiasi kwamba leo hausomeki vizuri. Sasa limo ndani ya kasha lenye agoni, gesi isiyoathiri hati, kwenye mwanga hafifu, lakini wino uliokwenda haurudi. Ukitaka kutundika cheti cha babu ukutani, tundika nakala.

Mengine ni ya kawaida. Toa klipu na pini kabla hazijaota kutu. Zilizokwisha kung'ang'ania usizivute. Laza hati kwenye boksi lisilo na asidi. Vipande vya magazeti vikae peke yake, maana karatasi yake hutoa asidi inayohamia kwa jirani. Kuhusu glavu nyeupe za kwenye filamu, kwa karatasi sizitumii: vidole hupoteza hisia na kingo huchanika. Mikono iliyonawiwa na kukauka yatosha. Glavu ziwe za picha.

Chumba kikiwa na nyuzi 18 hadi 20 na unyevu wa asilimia 35 hadi 50 ni bora, ila si wengi wenye uwezo huo. Tafuta basi mahali pasipobadilika-badilika: kabati la chumba cha ndani, si darini wala sakafuni.

Maji yakiingia, mambo huwa ya haraka, kwani kuvu huweza kuanza ndani ya saa 48. Usizibandue kurasa zilizoshikana, wala usizianike juani. Chache zitandaze kivulini penye upepo wa feni. Zikiwa nyingi, zifunge mafungu madogo uziweke kwenye friza. Baridi hairekebishi kitu, lakini inasimamisha kuvu mpaka umpate fundi anayejua kuzikausha.