Maswali yenu kwa mchoraji: dagaa, khanga na bei ya picha

Haya wapendwa, maswali ni mengi kuliko nafasi niliyopewa, nimechukua yale yaliyoulizwa na watu wengi na nayajibu vile ninavyoongea. Kwa wasionijua, mi ni mchoraji wa kujitegemea hapa Dar, nachora vitabu vya watoto, mabango ya afya na majalada, sijaajiriwa na mtu, kazi ikija naipokea.

Shikamoo dada. Sa hivi unafanya kazi gani, na ukiletewa hadithi unaanzia wapi? (Msomaji, Morogoro)

Marahaba mdogo wangu. Kazi iliyonishika sana mwaka huu ni kitabu cha watoto kuhusu wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria. Nikiletewa hadithi sishiki penseli kwanza, naisoma kwa sauti, narudia tena na tena, af naweka alama kwenye yale ambayo mwandishi hakuyasema manake hapo ndo picha ina kazi. Kama maneno yanasema bibi alikasirika na mi nikamchora bibi kakunja uso nimerudia tu, bora nichore mfuniko wa sufuria unaruka na paka anakimbilia nje, mtoto ataelewa mwenyewe bila kuambiwa.

Baada ya hapo naenda kuangalia, na hili ndo nalishikilia kuliko yote. Mteja alitaka ukurasa wenye mwezi mkubwa mpevu juu ya ziwa, mitumbwi chini yake na taa zinawaka, na kweli ukiifikiria inapendeza, lakini kaa na wavuvi wa Mwanza watakwambia dagaa wanavuliwa gizani, taa ndo inawaita, mwezi ukishakuwa mpevu mwanga umetapakaa ziwa zima na dagaa hawakusanyiki kwenye taa yako, kwa hiyo siku hizo wengi wanabaki nchi kavu wanashona nyavu. Sasa ukiweka ule mwezi umemdanganya mtoto wa kisiwa cha Ukerewe ambaye baba yake anaishi kwa kazi hiyo, na yeye ndo wa kwanza ninayemfikiria nikichora, kabla ya mtoto wa Masaki huku Dar. Nikamweleza mteja, akakubali, mwezi ukatoka, na ukurasa ukapata nguvu zaidi kwa sababu giza lote likabaki kwa ajili ya taa.

Halafu taa zenyewe! Zamani zilikuwa karabai za mafuta ya taa, siku hizi wengi wana taa za betri na sola, kwa hiyo ilibidi nimuulize mwandishi hadithi yake inatokea miaka ipi. Na kuanika je, dagaa wanaanikwa mchangani au juu ya vichanja vya nyavu? Kwenye kichanja hawashiki mchanga, na soko lake ni tofauti. Mtoto wa mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki, akiona kichanja anajua familia ile imejipanga, na hakuna sentensi hata moja kwenye kitabu inayolisema hilo.

Unavutiwa na nani dada? Michoro ya Tingatinga bado ina maana kwako au imeshakuwa ya watalii tu? (Kaka wa Arusha)

Ina maana sana kaka, nayo naiheshimu. Mzee Edward Saidi Tingatinga alitoka upande wa Tunduru, akaanza kuchora Dar mwaka 1968, akafariki 1972. Fikiria hiyo, miaka kama minne tu, na wanafunzi wachache aliowafundisha wakaendeleza mpaka leo unaiona Zanzibar hadi ulaya. Alichorea vibao vya hadibodi na rangi ya kung'aa ya kupaka baiskeli kwa sababu ndo ilikuwepo na ndo iliyonunulika. Rangi ile ni nzito, inafunika kilicho chini yake, unapaka nyuma kote, inakauka, unamweka chui wako, unakuja na madoa juu. Kwa hiyo ule mtindo tunaoupenda umezaliwa na kopo la rangi. Nikiwa na vifaa vichache huwa namkumbuka yeye, sijipi kisingizio.

Lakini mwalimu wangu mkubwa ni khanga, wala sisemi kwa mbwembwe. Angalia ilivyopangwa, pindo linazunguka, mji katikati, jina, yaani yale maneno, chini, na rangi mara nyingi ni mbili tatu tu, basi mtu anajieleza humohumo. Nikiwa Mombasa nakaa Biashara Street kwenye maduka ya khanga nageuza doti moja baada ya nyingine, sinunui zote jamani ila wenye maduka wana subira, naangalia jinsi lile pambo la umbo la korosho linavyojazwa pembeni na jinsi walivyoacha weupe upumue. Kitabu cha dagaa nimekichora kwa bluu nzito, njano ya taa na nyekundu moja ya udongo, hiyo nimeitoa kwenye khanga moja kwa moja, na kila ukurasa una pindo jembamba ambalo linabadilika kadiri usiku unavyokwenda.

Binti yangu ana miaka nane anachora mpaka kwenye daftari la hesabu, mwalimu analalamika. Nimzuie? (Mama, Tanga)

Usimzuie mama. Mnunulie daftari lake la kuchorea, lisilo na mistari, la hesabu libaki la hesabu na mwalimu atatulia. Usimrekebishie picha, usimwambie mkono mrefu, muulize tu huyu anaenda wapi, atakuongezea mwenyewe.

Natumia tableti, kwenye skrini rangi zinang'aa, zikichapwa zinafifia. Tatizo nini? (Mchoraji chipukizi, Mombasa)

Dadangu, hapa wengi tunalia. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, matbaa inatengeneza kwa wino wa aina nne, na kuna bluu na kijani za skrini ambazo wino hauwezi kuzifikia hata ufanyeje. Kwa hiyo badilisha faili liwe la CMYK, yaani mpangilio wa wino hizo nne, ukiwa bado unachora, usisubiri mwisho, na omba karatasi moja ya majaribio kabla hawajachapa zote. Fungua kazi yako kwa 300 dpi, yaani nukta 300 kwa kila inchi, toka siku ya kwanza, A4 inakuwa pikseli 2480 kwa 3508, ukianza ndogo ukaja kuivuta baadae itakuwa na ukungu. Na ongeza milimita 3 kila upande kwa ajili ya mashine ya kukata, la sivyo utaona ukingo mweupe. Kingine, kama kitabu ni cha kubana kwa pini katikati, kurasa lazima zigawanyike kwa 4, ulizia hilo kabla hujagawa hadithi. Mi mwenyewe skechi zote nafanya kwa penseli kwenye karatasi, ndogondogo kama stempu, kitabu kizima kwenye karatasi moja nione kinavyotembea, tableti inakuja kwenye rangi tu.

Mnapanga bei vipi? Mteja ananiambia chora kwanza tuone. (Msomaji, Dodoma)

Usichore kwanza mdogo wangu. Anayetaka kuona aangalie kazi zako za nyuma, zipo. Mi napokea kianzio nusu, ndo naanza skechi, akizikubali anaziwekea saini, af rangi, na marekebisho tunayaandika idadi yake kabla, yanayozidi yanalipiwa. Bei siitoi kwa picha tu, nauliza itatumika wapi, nakala ngapi, kwa muda gani, manake picha ya kitabu kimoja cha shule si sawa na picha ileile ikienda kwenye fulana, kalenda na bango la barabarani.

Na hapo kwenye haki tafadhali sana. Sheria yetu ya hakimiliki ya mwaka 1999 inalinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa, hao ni wajukuu zako unawatunza, kwa hiyo usisaini karatasi inayosema umeuza haki zote milele kwa hela ya wiki moja. Andikeni wazi, natoa ruhusa ya kuchapa kitabu hiki, toleo hili, lugha hii, jina langu litokee kwenye jalada la ndani, michoro halisi inabaki kwangu. Karatasi moja ya Kiswahili cha kawaida inatosha, wote msaini, kila mtu abaki na nakala. Kazi ukitaka isajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Mteja mzuri hatagoma kabisa, na yule anayegoma kuandika kitu alichokubali kwa mdomo mwachie kazi yake kabla hujatumia hata karatasi moja.