Jibu: Uvimbe kwenye ovari, na mama mdogo alifariki kwa kansa ya matiti

Pole dada. Umesema altrasaundi imeonyesha uvimbe ovari ya kushoto, na kwa sababu ya mama mdogo unataka kukimbilia Ocean Road, hospitali ya kansa ya Dar es Salaam, kesho. Mimi si daktari, ila kwetu tumeyapitia.

Kwanza isome tena karatasi ya majibu. Ni maji matupu, au kuna sehemu ngumu ndani? Wa maji, kama bado unaona siku zako, mara nyingi huisha wenyewe. Utarudia kipimo baada ya wiki kadhaa. Wenye sehemu ngumu usisubiri, omba rufaa kwa bingwa wa wanawake, Muhimbili wapo. CA-125, kile kipimo cha damu, peke yake isikutishe, hupanda hata kwa fibroidi au ukiwa hedhini.

Historia ya ukoo mwandikie daktari: nani, kansa gani, aligundulika na umri gani. Na upande wa baba pia, maana jeni za BRCA zenye hitilafu, zinazoongeza hatari ya kansa ya matiti na ya ovari, hata baba hurithisha. Shangazi yetu siku zote tuliambiwa alikufa kwa "tumbo". Bibi ndiye aliyefunguka kuwa ilikuwa kansa, tena kwa kubembelezwa, huku anachambua mchele.

Maumivu makali ya ghafla na kutapika, nenda dharura usiku huohuo. Ovari inaweza kuwa imejinyonga.