Nairobi ina wezi, lakini si hao mnaowaogopa

Vyuo vinafungua, wanafunzi wa attachment, yaani mafunzo kazini, wanamiminika, na tunayaona yale yale ya kila mwaka. Kijana anashuka Nyamakima noti zimeshonewa ndani ya kiuno cha suruali, begi amelikumbatia kifuani, hata akisalimiwa haitiki. Ameambiwa huku watu hupigwa ngeta, yaani hukabwa shingo na kuibiwa, mchana kweupe. Wiki haijaisha, ameshatuma elfu kumi na sita kwa mtu asiyemjua, kwa kidole chake mwenyewe, ameketi sebuleni kwa shangazi yake akinywa chai.

Jina baya la mji huu si uzushi. Hiyo "Nairobbery" haikutoka hewani, na ngeta ipo hadi leo. Ila sifa hiyo imewafunza kuuogopa mtaa, ilhali pesa nyingi za mgeni hupotelea kwenye haraka yake na kwenye simu yake. Basi wadogo zangu, sikilizeni, maana mwaka ujao sitaki kurudia.

1. Kushuka. Mabasi ya usiku ya kutoka Pwani na Magharibi huingia mjini saa kumi, saa kumi na moja alfajiri, River Road ikiwa bado giza. Usitoke. Kaa ndani ya ofisi ya basi mpaka kupambazuke, yaani kama saa kumi na mbili na nusu, halafu utembee pamoja na umati. Wanaotembea kwa miguu kutoka Mukuru kwenda Industrial Area alfajiri ni maelfu, na hawatembei kwa wingi vile kwa sababu ya kupenda mazoezi peke yake.

Ukipotea, uliza. Hapa ndipo mnapochekesha: mmeambiwa msimwamini mtu, kwa hiyo mnazunguka Tom Mboya mara tatu na uso wa kupotea, mpaka mtu mwema anawafuata kuwasaidia. Huyo aliyekufuata ndiye wa kukwepa. Muulize mwenye mahali pake: muuza magazeti, mpiga viatu rangi, wakala wa M-Pesa, bawabu wa benki. Mtu ambaye kesho atakuwa pale pale hana faida ya kukupoteza. Shikeni kanuni hiyo, tutairudia kwenye nyumba.

2. Simu. Mwizi wa simu hangoji uchochoro. Anangoja matatu ikwame kwenye jam, Globe au Muthurwa, dirisha likiwa wazi nawe ukiwa WhatsApp. Ananyakua gari linapoanza kusogea, kwa sababu anajua dereva hatasimama na wewe huwezi kuruka. Funga dirisha kwenye mizunguko ya barabara, au kaa upande wa ndani. Kiti cha mbele karibu na dereva mnachokipigania kina dirisha pia.

Lakini simu yenyewe ndiyo hasara ndogo. Angalieni mnavyoishi: kitambulisho kimekaa ndani ya kava la simu, na PIN ya M-Pesa ni mwaka wa kuzaliwa. Mwaka huo umeandikwa kwenye kitambulisho hicho hicho. Mwizi amepata laini, jina, nambari ya kitambulisho na PIN kwa mkupuo mmoja. Atamaliza salio, kisha atakopa kwa Fuliza, mkopo wa M-Pesa, na deni litabaki kwa jina lako. Toa kitambulisho kwenye kava leo. Weka PIN isiyohusiana na siku yako ya kuzaliwa. Weka pia PIN ya laini yenyewe kwenye mipangilio ya simu, kwa sababu kufunga kioo cha simu hakusaidii kitu laini ikichomolewa na kutiwa simu nyingine. Piga *#06#, nakili zile tarakimu kumi na tano za IMEI, yaani nambari ya simu yenyewe, kwenye karatasi, polisi watazitaka kwenye abstract, ile hati ya kuripoti wizi. Ikiibwa, azima simu ya jirani ufunge laini kwanza. Kulia ni baadaye.

3. Nyumba. Hapa nitakaa, kwa sababu hapa ndipo mnapomalizwa.

Mambo huwa hivi. Tarehe ishirini na tisa, shangazi ameanza kuuliza "kwani chuo kinasemaje?", na kijana anaona tangazo mtandaoni: bedsitter, chumba kimoja cha kujitegemea, mtaa wa Roysambu, tiles, maji ya moto, kodi nusu ya bei ya mtaa. Anapiga. Ajenti ni mpole, ana lafudhi ya nyumbani. Anataka mia tano ya viewing, yaani ya kuonyeshwa nyumba. Hiyo ikiingia, wakati mwingine hadithi huishia hapo na simu huzimwa, na huyo bado ni mwenye bahati.

Asiye na bahati huonyeshwa nyumba. Ya kweli, yenye funguo, yenye rangi mbichi. Ajenti aliikodi kwa siku chache, au amepatana na mlinzi wa lango. Wakiwa mlangoni simu yake inalia: kuna mteja mwingine yuko njiani na pesa mkononi. Kijana anahesabu haraka haraka. Tuseme kodi ni elfu nane: mwezi wa kwanza elfu nane, deposit elfu nane, halafu deposit ya stima na maji. Anatuma papo hapo kwa nambari ya mtu binafsi. Anapewa funguo na risiti iliyonunuliwa dukani. Siku ya kwanza ya mwezi anafika na godoro, anakuta langoni kuna magodoro mengine mawili, yote yana risiti, na kufuli imebadilishwa.

Angalieni ni wapi angeponea. Kwanza ni tarehe. Mpangaji anayehama hutoa notisi ya mwezi, kwa hiyo kuanzia katikati ya mwezi keateka, mtunza jengo, na wenyeji wa ploti wanajua nani anatoka. Anza kutafuta tarehe kumi na tano, si ishirini na tisa. Pili ni miguu. Mtaa unaoutaka, uzunguke mchana, soma vibao vya nyumba tupu kwenye malango. Tatu, na hii ndiyo kubwa, vuka barabara umwendee mama mboga anayetazamana na lango. Nunua sukuma ya ishirini. Uliza ploti ni ya nani, kodi hulipwa wapi, maji huja siku gani, kumewahi kuvunjwa nyumba. Atakujibu yote manne kabla hajamaliza kukata sukuma. Kisha mpate mpangaji mmoja anayetoka kazini, umuulize yeye hulipia wapi. Akikutajia akaunti ya benki au Paybill, nawe ajenti amekupa nambari ya mtu binafsi, nenda zako. Hata ukishaanza kutuma, M-Pesa inakuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa hazijatoka. Lisomeni! Jina lisipofanana na lililo kwenye mkataba, ghairi.

Ukiwa ndani ya nyumba, usitazame tiles. Fungua bomba, hasa ikiwa ni ghorofa ya juu, na uonje maji: mengi ya kisima yana chumvi. Nairobi maji huja kwa zamu, kwa hiyo tafuta tangi la ploti kwa macho yako, na ununue mitungi ya lita ishirini kabla ya kununua redio. Uliza mita ya stima ya tokeni ni yako peke yako au ni ya kugawana, maana ya kugawana mwenye nyumba huiuzia bei yake. Zima taa saa sita mchana. Mtaa wa Pipeline kuna ghorofa zimebanana kiasi kwamba vyumba vya chini huwasha balbu kutwa, na hiyo ni tokeni juu ya kodi. Ikiwa ploti iko ukingoni mwa mto, achana nayo hata kama ni rahisi. Mafuriko ya 2024 yalifuatwa na tingatinga la kubomoa nyumba za ukingoni. Piga picha kila ufa ukutani siku unayoingia, ndiyo utakayotoa siku ya kudai deposit, kwani mwenye nyumba atasema wewe ndiye uliyeupasua.

4. "Nimekosea nambari, nirudishie." Mtu akikuambia amekutumia pesa kimakosa, angalia salio kwanza, wala usiamini ujumbe. Ujumbe wa kweli hutoka M-PESA, hautoki nambari ya simu ya mtu. Kama pesa zimeingia kweli, usitume kwa mkono wako: mwambie apeleke ujumbe wake wa M-Pesa kwa nambari 456, irudishwe kwa njia yake. Ukituma mwenyewe, naye akaomba irudishwe, umelipa mara mbili. Na anayejiita Safaricom akitaka PIN, ni mwongo. Safaricom wenyewe hupiga kwa 0722 000 000.

5. Matatu. Uliza nauli kabla ya kupanda, hasa jioni na mvua ikinyesha, kwani nauli hupanda wingu likijikunja tu. Dai chenji pale pale. Konda akisema "tulia nitakuletea", atakuletea ukishashuka. Usiku, shukia stage yenye watu hata kama ni mbele kidogo ya kwenu. Ngeta hupenda daraja la miguu lililo tupu saa nne usiku kuliko uchochoro wowote wa Kibera saa kumi na mbili jioni, watoto wakicheza na mahamri yakikaangwa.

6. Barabara ya Luthuli, simu nzuri ya bei ya kutupa inayouzwa na mtu aliyesimama njiani, ikishafungwa kwenye karatasi huwa ni kipande cha sabuni. Duka lipo hatua tatu, lina risiti.

7. Nyinyi wa Mombasa na Kisumu: Julai njooni na sweta. Nzito. Ile mliyonayo ya mvua haitoshi, na za mitumba sokoni Gikomba mwezi huo zimeshapanda bei.