Baba mkwe alipotumiwa meseji ya deni langu

Baba mkwe alinipigia saa kumi na mbili asubuhi. Mzee wa umri wake akipiga saa hizo, unajua kuna msiba.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Hivi mwanangu, mimi nimekudhamini mkopo lini?"

Nilikosa la kujibu. Mkopo wenyewe ulikuwa wa shilingi 80,000. Ada ya mtoto ilikuwa imenibana, nikaona tangazo kwenye simu: pesa ndani ya dakika tano, hakuna dhamana. Nikabofya linki, nikapakua programu, ikaniomba ruhusa ya kusoma majina yote niliyohifadhi, meseji na picha. Nikabonyeza ruhusu, ruhusu, ruhusu, kama mtu anayefukuza nzi. Niliomba 80,000, zikaingia 56,000. Zilizobaki walizikata mapema wakaziita ada ya huduma, na baada ya siku saba walitaka 80,000 yao kamili.

Siku ya saba sikuwa nayo. Nikapakua programu ya pili nikope huku nilipe kule, halafu ya tatu. Mtaani mikopo ya namna hii tunaiita kausha damu, na aliyeipa jina hilo bila shaka alishaonja.

Ndipo meseji zikaanza kusambaa. Kwa bosi wangu. Kwa mama wa genge. Kwa fundi bomba aliyenifanyia kazi mara moja tu mwaka wa nyuma. Kila mmoja aliambiwa kwamba mimi ni tapeli, na kwamba nimemweka yeye kuwa mdhamini. Tangazo lilisema hakuna dhamana, kumbe dhamana ilikuwepo: ni hao. Niliwaweka rehani watu zaidi ya mia tatu kwa kidole kimoja, wala sikumuuliza hata mmoja. Mpaka leo hilo linaniuma kuliko riba.

Msije mkadhani nataka tutupe simu. Mama yangu yuko Lushoto. Kabla M-Pesa haijaingia Tanzania mwaka 2008, hela yake niliifunga kwenye bahasha nikamkabidhi kondakta wa basi, kisha nikabaki na dua. Siku hizi namtumia na bado tuko hewani, namsikia akisema imeingia. Hata kwenye shimo hili nilitolewa na simu ileile: kikoba chetu kina kundi la WhatsApp, nikajikaza nikaandika humo, na kabla ya jioni wenzangu walikuwa wamenikopesha kwa riba tuliyojipangia wenyewe.

Kama umeshaingia, jambo la kwanza waambie watu wako kabla hawajaambiwa. Mimi nilificha karibu wiki tatu kwa aibu, na wiki zote hizo wale watu walinipeleka watakavyo. Siku nilipoweka stetasi kwamba nina deni, kwamba sikumweka mtu kuwa mdhamini, na kwamba atakayetumiwa meseji asilipe hata senti, vitisho vikaisha nguvu. Watanitisha kwa siri ipi tena? Aliyenicheka alinicheka siku mbili, basi.

Kufuta programu hakurudishi majina waliyokwisha kunakili. Izimie ruhusa kwenye mipangilio, ifute, lakini kwanza piga picha za skrini za meseji zote za vitisho. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake inayopokea malalamiko. Ukienda na ushahidi mkononi unasikilizwa tofauti na anayeenda na maneno matupu.

Na kama hujakopa bado, hakikisha mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Novemba 2024 BoT ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha mtandaoni bila leseni. Niliisoma yote kwa kidole, jina moja baada ya jingine, na moja nililifahamu vizuri mno. Angalia pia programu inakujia kwa njia gani. Tangu 2023 Google imezikataza programu za mikopo zilizo kwenye duka lake kusoma majina na picha za mtumiaji, ndiyo maana wajanja hukuletea linki upakue nje ya duka. Ukiona linki ya hivyo, usijisumbue hata kusoma masharti.

Baba mkwe sikumaliza naye kwa simu. Jumapili nilimfuata kwake, nikakaa kwenye kigoda nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, akaguna, kisha akatoa simu yake mfukoni akanipa.

"Hebu nitazamie na hii," alisema. "Kuna kitu nilibofya mwezi wa tatu, sikumwambia mama yenu."